Kubadhi la Bi Kidawa Juu ya Boriti

Nitangulize kusema kwamba katika habari hii mjinga ni mimi. Nimeisikia ikisimuliwa mara nyingi mtaani kwetu Malindi, na kila anayeisimulia, kwa kunionea haya, ama huniweka pembeni ama hunitilia mdomoni maneno ya busara ambayo sikuyasema. Sitaki hisani hiyo. Mimi Gharib Pandu, fundi wa malori, nilikuwapo, na nilikuwa nimekosea tangu alasiri ya Jumamosi mpaka asubuhi ya Jumapili, na katika muda huo wote nilikuwa nikipiga kelele kuliko kila mtu.

Dada yangu Kidawa alikuwa mkunga. Mtu mfupi, mnene wa wastani, sauti yake ya chini hata wodini wenziwe walikuwa wakimwambia aseme tena. Hakuwa mtu wa kubishana. Akikataa jambo alikuwa akinyamaza tu na kukutazama, na ukimtazama na wewe unaanza kutafuta pa kuyaweka macho yako. Mumewe alifariki mapema, watoto hawakujaaliwa, na mapenzi yake yote aliyamimina kwa watoto wa watu, ambao alikuwa akiwapokea kwa mikono miwili na kuwatukana kwa upole kwa kuchelewa kwao.

Mwaka wa 1967 daktari mmoja wa Kiingereza aliyefanya naye kazi alimaliza mkataba wake. Alikuwa na gari la spoti, la kijani, la viti viwili, lisilokuwa na paa. Hakuwa na njia ya kulisafirisha, na siku ya kuondoka alimpa dada funguo mbele ya wodi nzima. Wengine walidhani mzaha. Dada alizipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, na wiki ya pili yake akaanza kujifunza kuendesha pale Mnazi Mmoja.

Gari lenyewe lilikuwa chini mno. Ukisimama kando yake unaona ndani yake kama unavyoona ndani ya sufuria. Mzee Suud, jirani yetu, aliyekuwa hana kazi nyingine ila kukaa kwenye baraza yake na kuwapa watu majina, alilitazama siku ya kwanza akasema: "Bi Kidawa leo kavaa kubadhi." Basi likaitwa Kubadhi, kwa ile ndara ya ngozi iliyo bapa. Watoto walikuwa wakilikimbilia kwa jina hilo, na dada mwenyewe mwisho akalikubali.

Lakini Kubadhi lilifanya kazi ambayo malori yangu hayakuifanya. Dada alipewa zamu ya kwenda Paje, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, mara mbili kwa wiki kuwaangalia wanawake wajawazito. Alikuwa akitoka alfajiri, mkoba wake wa kazi kwenye kile kiti cha pili, na njia ya mawe ya kutoka Kitogani alikuwa akiipita polepole, akilikwepesha gari kila jiwe kwa heshima. Kabla ya zamu hiyo wanawake wa kule walikuwa wakija mjini kwa lori la nazi au hawaji kabisa. Mmoja wao mwaka uliotangulia alipoteza mtoto kwa sababu lori lilichelewa. Dada hakuwa akilizungumza jambo lile, ila alikuwa na daftari dogo, na jina la mwanamke yule lilikuwa la kwanza katika ukurasa.

Sasa, mwaka wa 1969, ikaja barua. Watumishi wote wanaotumia magari yao wenyewe kwa kazi za zamu wayapeleke kwenye ukaguzi. Siku ya Kubadhi ni Jumatatu, saa nne za asubuhi. Gari lisilopita, mwenyewe atarudi wodini, na zamu yake ingoje mpaka lipatikane gari jingine. Barua ilikuwa ya adabu na haikuwa na ubaya wowote. Ila breki za Kubadhi zilikuwa zimekwisha. Kwa siku tatu dada alikuwa akikanyaga pedeli inazama mpaka chini, na nyuma, chini ya gari, palikuwa na mafuta yaliyolowesha vumbi. Wanawake tisa wa Paje walikuwa katika mwezi wa nane na wa tisa.

"Bomba la breki limepasuka," nilimwambia. "La nyuma, juu ya ekseli. Kazi ya saa mbili. Nnalala chini, nnalitoa, nnatia jingine, nshamaliza."

"Utalala chini vipi?" aliniuliza.

Niliona swali la kitoto. Miaka minane nilikuwa nikilala chini ya magari. Sikufikiri kwamba miaka minane ile yote ilikuwa ya malori, na lori halinyanyuliwi ili mtu aingie. Lori unaliingia tu kama unavyoingia mlangoni.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri nilikwenda na jeki ya karakana, ya lori la tani saba, nimeibeba begani ili watu waione. Kubadhi lilikuwa likilala kwenye gofu lililokuwa nyuma ya nyumba yetu, nyumba ya zamani iliyoanguka ikabaki sakafu yake ya chokaa na malundo ya mawe pembezoni. Niliiteremsha jeki, nikaipeleka kwenye gari, na jeki ikasimama nje. Haikuingia. Ilikuwa ndefu kuliko nafasi yote iliyokuwapo kati ya gari na ardhi.

Mzee Suud alikuwa keshahamisha kiti chake kuja kuangalia. "Gharib," akasema, "labda uichimbie shimo."

Dada akafungua boneti ya nyuma, akatoa jeki ndogo ya mkono iliyokuja na gari, akanipa bila neno. Nikaipokea bila shukurani. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu ili kila mtu asikie inavyolia, nikaenda nyuma, nikaanza kuzungusha.

"Gharib," dada akasema, "hiyo breki ya mkono inashika magurudumu yapi?"

"Ya nyuma."

"Na weye unanyanyua yapi?"

Niliendelea kuzungusha mara mbili zaidi, kwa ukaidi, ndipo mkono ukasita wenyewe. Magurudumu ya nyuma yakishaondoka chini, breki ile inashika hewa. Gari lote linabaki kusimama juu ya magurudumu mawili ya mbele ambayo hayajafungwa na kitu. Nikateremsha, nikatafuta mbao, nikachonga kabari nne, nikazigongomea mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Nilizigonga kama nnayempiga adui. Damu ilikuwa imenipanda usoni, na Mzee Suud alikuwa akitazama mbinguni kwa adabu.

Nikaiweka jeki katikati ya ekseli, nikanyanyua nyuma yote. Nilipofungua gurudumu la kushoto, dada alilichukua, akalilaza ubavu chini ya chesisi.

"Hilo la nini?"

"Nimeliweka tu."

Nikaliacha. Nikaenda kwenye malundo nikachagua mawe mawili mazuri ya matumbawe, mapana, ya kunyooka, nikayapanga chini ya ekseli, moja kila upande. Nikateremsha gari likakaa juu yake. Jeki nikaiondoa kabisa, maana ilikuwa ikinizuia mkono.

Hapa msinicheke peke yangu. Mjini kwetu kila aliyekuwa na gari alikuwa akifanya hivyo. Mawe yale yako kila pembe, hayana mwenyewe, na sisi sote tumelala tangu utotoni ndani ya kuta zilizojengwa kwa mawe hayo hayo. Nyumba ya ghorofa tatu imesimama juu yake miaka mia. Nani ataogopa kuyaamini kwa saa mbili?

"Usiingie," dada akasema.

"Kwa nini?"

"Hilo jiwe silitaki."

"Dada, jiwe hili linabeba nyumba."

"Linabeba likiwa ukutani. Limekamatwa na chokaa pande zote, uzito unatawanyika. Hapo umelipa uzito wote mahali pamoja, kwenye kitu chembamba kama kiwiko. Baba alikuwa halitii jiwe tupu chini ya kitu, hujamuona?"

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi. Lakini mimi nilimkimbia na kwenda kwenye vyuma kwa sababu sikutaka chokaa, na aliyekuwa akimpelekea chakula kazini na kukaa akimtazama ni Kidawa. Kwa hiyo lile neno "hujamuona" liliniuma. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia maneno ambayo hata sasa nayaonea aibu: kwamba mie ndiye fundi, kwamba yeye kazi yake ni watoto, kwamba Jumatatu inakuja na yeye ananipotezea wakati, na kwamba kama anataka kurudi wodini aseme.

Aliningoja nimalize. Akanitazama. Kisha akasema, "Haya. Lakini kwanza tulisukume."

"Kulisukuma nini?"

"Gari. Likiwa halina mtu chini. Kama litakaa, ingia."

Tukasukuma, mimi na yeye, na Mzee Suud akaja kuongeza mkono mmoja. Kubadhi likatikisika likatulia. Mawe hayakusogea hata ukucha. Nikamtazama dada kwa lile jicho la mshindi, nikachukua spana, nikapiga goti. Nilikuwa nshaingiza kichwa. Ndipo nilipohisi nimeshikwa ukosi wa shati kwa nyuma, na kuvutwa kama anavyovutwa mbuzi.

"Mara moja tu tena," akasema. "Na mara hii kweli kweli."

Nilisimama nikiwa nataka kulia kwa ghadhabu, nikaliegemea gari kwa bega na kulisukuma kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, ili kumkomesha. Jiwe la kushoto halikulia wala halikutoa ufa. Liligeuka unga. Nyuma ya Kubadhi ilishuka mara moja kwa kishindo kilichoinua vumbi la gofu zima, na kunguru wote wa Malindi wakaruka.

Vumbi lilipotulia tuliona chesisi imekaa juu ya lile gurudumu alilolilaza dada. Gari halikuumia. Nikainama nikapima kwa mkono nafasi iliyobaki chini, pale pale nilipokuwa nataka kulaza kifua changu. Shubiri haikutimia. Kifua changu kilitaka zaidi ya hapo.

Nikakaa chini kwenye chokaa. Niliogopa hofu ambayo sijapata kuiona tena, hofu ya jambo ambalo halikutokea. Dada alikwenda ndani akaniletea maji, akanisimamia mpaka nikayamaliza, na hakusema hata nusu ya neno moja kuhusu jiwe. Laiti angesema ningepata la kumjibu.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta gofuni, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali ya marehemu mumewe, na tezo la baba mkononi. Mbele yake palikuwa na vipande vya boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari za nyumba zetu. Alikuwa kavipata kwenye gofu hilo hilo, akavikata sawa sawa, urefu wa dhiraa moja kila kimoja. Alikuwa akivichonga bapa juu na chini ili visibingirike. Nilimtazama anavyopiga tezo. Mkono wake ulikuwa wa baba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Lete jeki."

Siku ile sikuongoza kitu, nilifuata. Kwanza alitafuta ubao mpana tukauweka chini ya jeki, ili chokaa isididimie. Kisha akapita chini ya ubavu wa gari akigonga kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga mgongo wa mgonjwa, mpaka akapata chuma kinene cha chesisi. Bati la sakafu lililokuwa limeliwa na chumvi hakulitaka hata kuligusa. Tukanyanyua kidogo, tukasukumiza boriti mbili. Tukanyanyua kidogo tena, tukaweka mbili nyingine zikikatana na zile za chini. Kidogo kidogo, upande huu na upande ule, hata likawa halina nafasi ya kuanguka zaidi ya unene wa boriti moja. Mwisho tukaliteremsha likakaa lenyewe juu ya mti, na jeki tukaiacha pale pale ikigusa, na gurudumu la kulia nalo tukalifungua, yote mawili tukayalaza chini ya chesisi.

"Mti hulia kabla ya kuvunjika," akaniambia. "Utakupa nafasi ya kutoka. Jiwe lile halikupi."

Akachukua nyundo ya mbao akazigonga boriti moja moja, sikio karibu. Tukasukuma. Tukasukuma tena. Tukasukuma mara ya tatu, na majirani wawili waliokuwa wakipita wakasukuma na wao kwa sababu Mzee Suud aliwaamuru. Halikutikisika. Nikachukua spana nikapiga goti.

"Ngoja," akasema, akanisogeza. "Baba akishikiza dari, nani alikuwa wa kwanza kupita chini?"

Hilo nilikuwa nalijua. Kila mwashi wa mjini alilijua. Aliyeweka mihimili ndiye anayetangulia kupita chini yake, peke yake, na wafanyakazi wake wanangoja nje mpaka awaite. Kabla sijatafuta la kusema, dada yangu, mkunga, mwanamke wa miaka arubaini na tano, alilala chali kwenye chokaa na kujivuta chini ya gari mpaka vikabaki vifundo vya miguu yake. Nilihesabu pumzi zangu, na zilikuwa nyingi. Alibaki mle kwa kitambo, akagonga ekseli kwa ngumi, akagonga tena, kisha tukaisikia ile sauti yake ya chini.

"Gharib. Njoo sasa."

Nikaingia. Tulilala bega kwa bega, na hapo, acha na mimi nijisifu, hapo nilikuwa bingwa. Bomba lililopasuka nililiona kwa kidole kabla ya jicho. Nilikuwa nimepata kipande cha shaba kutoka kwenye lori lililokwisha kazi. Nilikipinda kufuata ekseli, nikazitanua ncha zake, nikakaza. Dada alinishikia, akanipa spana kabla sijaitaja, kazi aliyoizoea wodini. Kisha akatoka akakaa kwenye kiti cha dereva, na mimi nikabaki chini kutoa hewa iliyoingia bombani.

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

Tulifanya hivyo mpaka mafuta yakatoka safi bila povu. "Kanyaga," nikasema tena, na yeye akajibu kutoka juu, "Imekuwa ngumu, Gharib. Imekuwa ngumu kama sakafu." Nilicheka peke yangu chini ya gari, na machozi yakanitiririka mpaka masikioni. Nilikuwa hai, na breki zilikuwa hai.

Jumatatu saa nne tulikuwa uwanjani. Mkaguzi alikuwa Bwana Nahodha, pande la mtu, mwenye kofia na uso wa mtu asiyekwenda harusini. Alilizunguka Kubadhi mara mbili. Alijikunja akaingia kwenye kiti cha pili, magoti yakamfika kidevuni, akamwambia dada aende kasi mpaka mwisho wa uwanja na asimame atakapoambiwa.

Nilimwona dada akitia gia. Nilimwona akienda, kanga yake ikipepea. "Simama," Bwana Nahodha akasema, na Kubadhi likasimama pale pale. Kofia ilimtoka mkaguzi kichwani ikagonga kioo. Magurudumu yote manne yaliacha alama nne zilizonyooka kwenye mchanga, hakuna lililopita mwenziwe.

Bwana Nahodha akashuka, akaokota kofia yake, akatoa karatasi na kalamu. Aliandika nambari ya gari, akaandika tarehe, akauliza, "Fundi aliyetengeneza ni nani?"

"Huyu," dada akasema upesi, akininyooshea mkono. "Ndugu yangu, Gharib Pandu. Fundi wa malori, miaka minane."

Alisema kwa fahari tupu. Nilimtafuta kejeli usoni, haikuwamo. Na mimi nilikuwa napenda jina langu. Jina langu kwenye karatasi ya serikali lilikuwa kitu nilichokitamani tangu siku ya kwanza ya kushika spana.

"Bwana Nahodha," nikasema, "bomba nimelipinda mie. Lakini gari limenyanyuliwa na yeye. Lingenyanyuliwa na mie, saa hizi watu wangekuwa matangani kwangu. Tafadhali andika Kidawa binti Pandu."

Alinitazama, akamtazama dada. "Si mkunga huyu?"

"Mkunga. Na fundi pia. Andika yote mawili."

Akaandika. Nilisogea nikaangalia herufi zikitoka moja moja, na wallahi nilijiona mrefu kuliko siku zote za maisha yangu. Dada aliipokea karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hakuyafuta. Mimi nilikuwa nshajitia kwenye kile kiti cha pili, nimekunja mikono, nangoja kupitishwa mjini ili watu watuone.

"Haya, shuka," akaniambia. "Hapo pa mkoba wangu. Paje wananingoja."